Fedha za utafiti wa kiangazi kwa walio shahada ya kwanza: nianzie wapi?

Kutoka: Mwanafunzi wa biolojia, mwaka wa pili
Tarehe: 14 Oktoba

Shikamooni wakubwa. Wenzangu, habari za masomo.

Naomba ushauri. Nasoma biolojia hapa Marekani, mwaka wa pili. Wiki iliyopita nilimwendea profesa aliyenifundisha jenetiki, nikamwomba nifanye kazi kwenye maabara yake kiangazi kijacho. Alinipokea vizuri, akasema nafasi ipo. Kisha akasema fedha ya kunilipa hana, ila kama naweza kujikimu mwenyewe kwa wiki kumi, nije tu.

Siwezi. Kiangazi ndicho kipindi ninachofanya kazi ili nipate pango na gharama za muhula unaofuata. Nimekesha siku tatu mtandaoni, na karibu kila programu ninayoifungua inataka raia wa Marekani au mwenye ukaazi wa kudumu. Mimi nina viza ya F-1, ile ya mwanafunzi wa kigeni.

Je, kuna mtu humu aliyepita njia hii? Na nikimjibu profesa kwamba siwezi kufanya bila malipo, hataniona sina moyo wa sayansi?

---

Kutoka: Mwalimu wa kemia
Tarehe: 14 Oktoba

Marahaba, mwanangu.

Nianze na swali lako la mwisho, maana naona ndilo linalokunyima usingizi. Kumwambia profesa kwamba huwezi kufanya kazi wiki kumi bila malipo si kukosa moyo. Ni taarifa anayoihitaji ili naye aanze kutafuta. Nimefundisha chuo kikuu miaka mingi, na niliwahi kumwambia kijana "sina fedha", akaondoka akiamini nimemfungia mlango. Mimi nilikuwa nimemweleza hali ya bajeti ya siku ile tu. Sikumwona tena maabara, na mpaka leo nasikitika.

Elewa jinsi fedha ya profesa inavyokaa. Anapopata ruzuku, karibu kila dola imeshapangiwa kazi: hii ya mwanafunzi wa uzamivu, hii ya kemikali, hii ya kwenda kwenye kongamano. Ya mwanafunzi wa shahada ya kwanza haimo, isipokuwa kama aliiandika tangu mwanzo. Shirika la taifa la sayansi la Marekani, NSF, linamruhusu profesa mwenye ruzuku yao kuomba nyongeza ya kumlipa mwanafunzi mmoja au wawili wa shahada ya kwanza, na maprofesa wengi hawaikumbuki mpaka waulizwe. Lakini nyongeza hiyo inakuja na sharti lilelile la uraia au ukaazi wa kudumu, kwa hiyo wewe haikufai. Nimeitaja kwa ajili ya wengine wanaosoma.

Mlango wako uko ndani ya chuo chako mwenyewe. Vyuo vingi vina mfuko wa utafiti wa wanafunzi wa shahada ya kwanza. Wengine wanauweka kwenye ofisi maalumu, wengine kwa mkuu wa kitivo, wengine kwenye idara, na kuna fedha zilizoachwa na wahitimu wa zamani ambazo hazitangazwi popote zaidi ya karatasi kwenye ubao wa idara. Wazo lenyewe ni la siku nyingi. Chuo cha MIT walianzisha UROP, programu yao ya utafiti wa wanafunzi, mwaka 1969 chini ya Margaret MacVicar, na chuo cha Caltech wakaanzisha yao, SURF, mwaka 1979, ambapo mwanafunzi anaandika andiko lake, yaani mpango wa utafiti anaoombea fedha, pamoja na msimamizi kisha analipwa kwa wiki kumi. Vyuo vingi vimefuata njia hiyo. Fedha ikiwa ni ya chuo chenyewe, mara nyingi haiulizi uraia. Ikiwa inatoka serikali kuu, sharti linaifuata hata ikipitia mikono ya chuo. Kwa hiyo ukifika kwenye ofisi yoyote, swali la kwanza ni hili: fedha hii chanzo chake ni nini?

Mrudie profesa wiki hii, usingoje Januari. Mwambie wazi: "Natamani sana kazi hii, ila sitaweza bila posho. Nimeona chuo kina mfuko fulani. Je, utakubali kuwa msimamizi wangu nikiomba?" Hapo umemwomba kitu anachoweza kukupa, yaani saini yake, barua yake na saa zake chache. Na muulize kama kuna sehemu yoyote ya posho anayoweza kuchangia. Mara nyingi chuo kinatoa sehemu, profesa anamalizia.

Sasa andiko. Nimekaa kwenye kamati inayosoma maandiko haya, na nikwambie ukweli, mengi yanaanguka kwa kosa moja. Mwanafunzi anachukua maneno makubwa ya ruzuku ya profesa wake na kuyabandika. Tunasoma kurasa mbili bila kujua yeye mwenyewe Jumatatu ya kwanza atashika nini. Sisi tunataka swali dogo linaloweza kujibiwa ndani ya wiki kumi. Tunataka kujua utafanya nini wiki ya kwanza, ya nne na ya tisa. Zaidi ya yote tunataka kuona umefikiria jaribio likikataa: mbegu zisipoota, mashine ikiharibika, utafanya nini? Mwanafunzi aliyeandika aya moja ya uaminifu kuhusu hilo anampita mwenye alama za juu aliyeahidi kuponya dunia.

Na barua ya profesa ina uzito kuliko unavyodhani. Mwombe aandike atakutana nawe mara ngapi kwa wiki na nani atakufundisha kazi ya mikono. Kamati inaogopa kumpeleka kijana maabara ambayo profesa amesafiri miezi mitatu.

---

Kutoka: Mama wa msichana wa fizikia
Tarehe: 15 Oktoba

Mwalimu ahsante, nimeichapisha barua yako nimempa binti yangu.

Niongeze kwa wale wenye uraia au grinikadi (ukaazi wa kudumu), kwa sababu sisi tulipitia njia ya REU, ile programu ya NSF ya utafiti kwa walio shahada ya kwanza. Chuo kimoja kinapewa fedha ya kupokea kikundi cha wanafunzi, kwa kawaida kama kumi hivi, wengi wao wakitoka vyuo vingine. Mwanafunzi analipwa posho, na mara nyingi malazi na nauli vinashughulikiwa. Binti yangu anasoma chuo kidogo kisicho na maabara kubwa, naye alidhani hilo linamwangusha. Kumbe programu hizi zimewekwa hasa zifikie wanafunzi wa vyuo vya namna hiyo. Alieleza wazi kwenye barua yake kwamba chuoni kwao hakuna vifaa vya kufanyia kazi anayoipenda, bila kulalamika. Aliomba sehemu tisa, akajibiwa na mbili, akakubaliwa na moja. Wazazi, msivunjike moyo kwa kukataliwa, na msimwache mtoto aombe moja akae kusubiri.

Maombi mengi yanafungwa kati ya Januari na Machi. Barua mbili za mapendekezo zinahitajika karibu kila mahali, basi mtoto amwombe mwalimu mapema, kabla ya likizo ya Desemba, na ampe orodha yenye tarehe zote.

Chuoni kwenu ulizeni pia kama kuna programu ya McNair, ya kuwaandaa vijana kwa uzamivu, iliyopewa jina la Ronald McNair, mwanaanga aliyefariki kwenye chombo cha anga cha Challenger mwaka 1986. Ni ya wizara ya elimu ya Marekani, na inawalenga hasa vijana wa familia zenye kipato kidogo ambao ndio wa kwanza nyumbani kwao kufika chuo. Watoto wetu wengi wanaingia hapo bila kujua. Yupo anayesema "baba yangu ana digrii ya nyumbani, basi sistahili", wakati hajaenda hata kuuliza. Aende akaulize.

Mambo mawili ya uchungu. Mwaka 2025 programu kadhaa za kiangazi zilizotegemea fedha za serikali kuu zilifutwa, nyingine watu wakiwa wameshaomba. Kabla mtoto hajatumia wiki nzima kuandika, amtumie mratibu barua pepe fupi kuuliza kama mwaka huu wanapokea. La pili, posho inachelewa. Binti yangu alifika, akaambiwa malipo ya kwanza ni mwisho wa wiki ya tatu. Chumba kilitaka malipo siku ya kwanza. Tulikopa. Mkubali nafasi, lakini siku hiyohiyo mwulize mratibu: malipo ya kwanza ni tarehe gani, na je, kuna malipo ya awali kwa anayeyahitaji? Tungeuliza tusingekopa.

---

Kutoka: Kaka wa mahesabu
Tarehe: 15 Oktoba

Habari zenu. Mdogo wangu mwenye F-1, mimi naongelea makaratasi, maana huko ndiko watu wanakoumia.

Ukifanya kazi ndani ya chuo chako, kipindi cha masomo una kikomo cha saa 20 kwa wiki. Likizo rasmi ya kiangazi unaruhusiwa muda kamili, mradi umejiandikisha au una nia ya kujiandikisha muhula unaofuata. Ndiyo maana ushauri wa mwalimu wa kuanzia chuoni kwako ni mzuri hata kwa upande wa viza.

Ukitaka kwenda maabara ya chuo kingine, mambo yanabadilika. Kwa kawaida utahitaji CPT, kibali cha kufanya kazi kama sehemu ya masomo, na hicho kina masharti: uwe umesoma muda kamili mwaka mzima wa masomo, na kazi iwe sehemu ya mtaala wako, mara nyingi kwa kujiandikisha kozi ya mafunzo kwa vitendo. Ofisa wa wanafunzi wa kigeni anakiandika kwenye I-20 yako, ile hati ya chuo inayothibitisha uanafunzi wako. Usianze kazi siku moja kabla ya tarehe iliyoandikwa pale. Namaanisha hata siku moja. Na usidhani kwamba kwa kuwa wanaiita "posho" na si "mshahara" basi si kazi. Hata kama hulipwi kabisa, usiamue mwenyewe. Mpelekee ofisa barua ya mwaliko, yeye ndiye aseme.

Kodi. Posho ya kujikimu inatozwa kodi. Sehemu inayokwenda kwenye ada na vitabu vya lazima vya kozi ndiyo inayosamehewa kwa anayesomea shahada. Kwa mwenye F-1 ambaye kikodi si mkaazi, chuo kwa kawaida hukata asilimia 14 ya posho ya ufadhili kabla hujaishika. Baadhi ya nchi zina mkataba wa kodi na Marekani unaopunguza, angalia kama yako imo. Ukilipwa kama mshahara, makato yanahesabiwa kwa namna nyingine, lakini michango ya Social Security na Medicare (pensheni na bima ya afya ya uzeeni) hutakiwi kukatwa katika miaka mitano ya kwanza ya kalenda. Nimewaona wanafunzi watatu waliokatwa kimakosa, na kuirudisha kulichukua miezi. Angalia hati yako ya kwanza ya malipo, mstari kwa mstari. Fomu 8843, ile ya kodi kwa wanafunzi wa kigeni, jaza kila mwaka hata kama hukupata senti.

Kwa wenye uraia na grinikadi hatari ni ya upande wa pili. Mara nyingi hawakati chochote. Kijana anapokea yote, anaitumia yote, Aprili inafika na kodi inadaiwa. Atenge kidogo kila malipo.

Halafu, wote: mwulize ofisa wa misaada ya masomo kama ruzuku hiyo itapunguza msaada wako wa mwaka ujao. Uliza kabla ya kusaini, kwa barua pepe, upate jibu la maandishi.

---

Kutoka: Dada wa Canada
Tarehe: 17 Oktoba

Kwa walio upande huu: NSERC, baraza la Canada la utafiti wa sayansi na uhandisi, ina tuzo za utafiti kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, USRA, hadi wiki 16 za muda kamili, na msimamizi anatakiwa aongeze fedha yake juu. Raia, wakaazi wa kudumu, na hata waliopewa hadhi ya ulinzi kama wakimbizi wanaruhusiwa. Narudia hilo la mwisho kwa sababu nilikutana na kijana aliyekaa miaka miwili bila kuomba akidhani hadhi yake haimruhusu. Maombi yanapitia chuo, na kila chuo kina tarehe yake ya ndani.

Kwa mdogo wetu mwenye F-1, na yeyote ambaye pasipoti imemfungia milango ya serikali anakoishi: tazama nje. Zipo taasisi zinazopokea wanafunzi wa uraia wowote. OIST kule Okinawa, Japani, wanachukua wanafunzi kwa miezi kadhaa, wanalipa posho na kusaidia nauli na malazi. ISTA nchini Austria wana programu yao ya kiangazi ya wiki nane hadi kumi na mbili. KAUST nchini Saudia wana yao kwa wageni. CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya pale Geneva, wana programu ya kiangazi ambayo hata wasio wa nchi wanachama wanaomba. Si ya fizikia peke yake, wahandisi na watu wa kompyuta wamo. Ujerumani wana RISE, programu ya DAAD, shirika lao la kubadilishana wanafunzi, kwa wanaosoma vyuo vya Marekani, Canada, Uingereza na Ireland. Huko unamsaidia mwanafunzi wa uzamivu, na lugha ya kazi ni Kiingereza. Baadhi ya madirisha haya yanafungwa kabla ya Krismasi, kwa hiyo usiyapange pamoja na yale ya Februari.

Mimi nilifanya moja ya hizi, nikajifunza kwa shida jambo moja: hakikisha utaweza kurudi. Viza ya F-1 iliyoisha muda wake haikuzuii kukaa Marekani ukiwa na hadhi halali, lakini ukitoka utahitaji mpya ili uingie tena, na miadi ya ubalozi inaweza kuvuka tarehe ya kufungua chuo. Saini ya kusafiri kwenye I-20 nayo iwe hai. Nilikosa wiki mbili za muhula kwa sababu hiyo.

---

Kutoka: Mwanafunzi wa historia, mwaka wa nne
Tarehe: 18 Oktoba

Naomba wa sanaa na jamii tusisahaulike. Tunaambiwa fedha ni za maabara tu, na si kweli. Leadership Alliance, umoja wa vyuo vya Marekani, wana programu ya kiangazi inayochukua pia watu wa fasihi, historia na sayansi ya jamii. Maktaba na hifadhi za nyaraka za vyuo zina ruzuku ndogo za kusafiri kwenda kusoma nyaraka. Ni ndogo, lakini mbili pamoja zilinilipia mwezi mzima.

Na Kiswahili chenu ni ujuzi, kiandikeni kwenye wasifu. Maprofesa wa isimu, historia na afya ya jamii wana rekodi za mahojiano ya Kiswahili zilizokaa miaka bila kunukuliwa, yaani kuandikwa neno kwa neno, kwa sababu hawana mtu anayesikia lugha kwa undani. Nilimwandikia profesa mmoja wa idara nyingine, nikamwambia naweza kunukuu na kueleza maana za mafumbo na methali zilizomo. Alijibu siku hiyohiyo. Nilianza kama mnukuzi wa kulipwa kwa saa, na kiangazi kilichofuata nikaandika swali langu mwenyewe kutokana na rekodi zilezile.

---

Kutoka: Mwanafunzi wa biolojia, mwaka wa pili
Tarehe: 2 Februari

Shikamooni tena. Nimechelewa kurudi hapa, nisameheni.

Nilimrudia profesa wiki ileile. Nilimwambia maneno ya mwalimu karibu kama yalivyo. Alinyamaza kidogo, akasema hakujua kwamba ninajilipia pango. Tukafungua pamoja ukurasa wa idara, tukakuta mfuko ulioachwa na mhitimu wa zamani kwa ajili ya biolojia ya mimea, haudai uraia. Unatoa posho ya wiki sita. Yeye amekubali kunilipa kwa saa wiki nne zilizobaki. Ofisa wa wanafunzi wa kigeni amethibitisha kwa barua pepe kwamba ni kazi ya ndani ya chuo. Kaka wa mahesabu, nimeshaulizia ile asilimia 14. Wiki sita za posho zinakatwa, wiki nne za saa zinahesabiwa kama mshahara.

Tarehe ya mwisho ni 20 Februari. Mwalimu, naomba unitazamie ufunguzi wa andiko langu:

"Mabadiliko ya tabianchi yanatishia usalama wa chakula duniani. Utafiti huu utachangia uelewa wetu wa jinsi mimea inavyostahimili chumvi, na hivyo kusaidia wakulima wa dunia nzima."

---

Kutoka: Mwalimu wa kemia
Tarehe: 2 Februari

Marahaba, mwanangu. Nimefurahi mno, hasa kwa yale mazungumzo yenu ya kufungua ukurasa pamoja. Profesa huyo mshike.

Futa sentensi zote mbili. Si kwamba ni za uongo, ila yeyote anaweza kuziandika bila kuingia maabara yenu. Ulinieleza kwa simu kitu bora kuliko hiki. Andika hicho:

"Maabara yetu ina aina ya mmea mdogo wa Arabidopsis iliyozimwa jeni moja. Mmea huo ukishakua unanyauka haraka kwenye chumvi, lakini hakuna aliyeangalia kama mbegu zake nazo zinaathirika. Nitapanda mbegu za kawaida na zilizozimwa jeni kwenye viwango vinne vya chumvi, kimoja kikiwa sifuri, na kuhesabu zilizoota kila siku kwa siku kumi."

Kisha aya inayofuata iseme utafanya nini ikiwa aina zote mbili zitaota sawasawa, maana hilo linawezekana kabisa na bado ni jibu. Mwulize profesa ni mbegu ngapi kwa kila sahani zinatosha kuona tofauti, kamati itauliza. Bajeti weka sahani, chumvi na agari, usiweke kompyuta.

Nitumie rasimu nzima kufikia tarehe 10, na nakala ya profesa wako isipite tarehe 12, ili apate wiki moja ya kuandika barua bila kukimbizwa.